William Holden na Nanyuki: mwigizaji aliyepeleka pesa za filamu mlimani

Kabla ya kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kupiga filamu ya The Bridge on the River Kwai, William Holden aliweka saini mkataba ambao wenzake Hollywood waliuonea wivu kwa miaka mingi. Studio ya Columbia ilimlipa mshahara, na juu yake asilimia 10 ya mapato ghafi ya filamu. Mapato ghafi, yaani pesa zote zinazoingia kabla ya kutoa gharama, ni neno zito hapo. Anayelipwa kutokana na faida husubiri wahasibu wa studio wamalize kutoa gharama zao, na gharama za studio hazina mwisho. Anayelipwa kutokana na mapato ghafi hula kabla sahani haijafika jikoni.

Lakini mkataba ulikuwa na kifungu kingine, na mimi naona ndicho kilichoamua maisha yake yaliyofuata: mgao huo ungelipwa kwa kiasi kisichozidi dola 50,000 kwa mwaka. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato nchini Marekani wakati ule kilikuwa asilimia 91. Mtu aliyepokea milioni kwa mkupuo mmoja aliikabidhi karibu yote serikalini. Aliyeipokea kidogo kidogo alibaki na kitu. Filamu ikatoka 1957, ikachukua Oscar saba, na sehemu ya Holden ikapita dola milioni 2. Columbia wakawa wanakaa na pesa zake huku wakimpimia kila mwaka. Inasimuliwa kwamba riba peke yake ilitosha kumlipa. Kwa hesabu hiyo studio haikupoteza chochote. Naye, akiwa hata miaka 40 hajafika, alikuwa amejipatia kitu ambacho waigizaji hawanacho: pesa inayoingia kila mwaka, afanye kazi asifanye.

Ukitaka kuelewa kwa nini mtu wa aina yake alianza kutafuta mlango wa kutokea, angalia alivyoingia. Alizaliwa O'Fallon, Illinois, tarehe 17 Aprili 1918, akaitwa William Franklin Beedle. Familia ikahamia South Pasadena, California. Baba alikuwa mkemia wa viwandani, mama mwalimu. Filamu iliyomtoa ni Golden Boy ya 1939, pamoja na Barbara Stanwyck. Tangu hapo mkataba wake ulimilikiwa nusu na Paramount na nusu na Columbia, na mshahara wake wa mwanzo, dola 50 kwa wiki, ukagawanywa baina yao. Studio mbili zikimiliki kijana mmoja. Vita vikaja, akaingia jeshini. Mdogo wake, rubani wa jeshi la majini, aliuawa Pasifiki mwaka 1944. Aliporudi alicheza vijana wazuri wasio na kina mpaka Sunset Boulevard ya 1950 ilipowaonyesha watu kwamba ana uwezo mkubwa, na Stalag 17 ya 1953 ikampa Oscar. Mwaka 1952 ndiye aliyemsimamia Ronald Reagan katika harusi yake na Nancy Davis. Mtu wa ndani kabisa ya Hollywood, kwa maneno mengine. Na mlevi, jambo ambalo tutalirudia kwa sababu haliwezi kurukwa.

Mwaka 1959 mambo yakaja yote kwa pamoja. Kwa The Horse Soldiers, filamu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani aliyocheza na John Wayne, alilipwa zaidi ya dola 700,000. Mwaka huohuo akahamia Uswisi na familia yake. Wamarekani hawakulipokea vizuri. Wafanyakazi wa studio walikuwa wakilalamika kwamba filamu zinakimbizwa nje ya nchi na kazi zao zinakwenda nazo, na Holden akageuka mfano wa kunyoshewa kidole. Na mwaka huohuo tena akanunua hoteli Kenya.

Hoteli yenyewe ilikuwa na historia yake. Ilianza kama nyumba iliyojengwa miaka ya 1930 na Rhoda Lewisohn, Mmarekani tajiri, na mpenzi wake, rubani Mfaransa. Waliiita Mawingo. Iko nje kidogo ya mji wa Nanyuki, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Mlima Kenya ukiwa mbele ya madirisha na mstari wa ikweta ukipita uwanjani. Wakati wa Vita vya Pili serikali ya kikoloni iliichukua. Mwaka 1948 ikanunuliwa na Abraham Block, aliyefika Kenya mwaka 1903 hana kitu na akaishia kumiliki hoteli za Norfolk na New Stanley jijini Nairobi. Masimulizi ya hoteli yanasema Holden alifika pale na rafiki zake wawili wakiwa kwenye safari ya kuwinda, wakapendezwa, wakanunua. Rafiki hao ni Ray Ryan, mtu wa mafuta kutoka Evansville, Indiana, na Carl Hirschmann, mwenye benki Uswisi. Jina likabadilishwa kuwa Mount Kenya Safari Club.

Hebu tusimame kwenye mwaka huo, 1959, maana wanaosimulia kisa hiki kama mapenzi ya mtu na Afrika huupita haraka. Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau ilikuwa haijafutwa. Ilifutwa Januari 1960. Misitu ya Mlima Kenya ilikuwa maficho ya wapiganaji. Mkutano wa kwanza wa Lancaster House, uliofungua njia ya uhuru, ulifanyika London Januari hiyohiyo. Walowezi wa nyanda za juu walikuwa wanahesabu nani atauza, lini, na kwa nani. Wakati wenye mali wanatafuta mnunuzi, ndipo wageni watatu wenye dola wakatokea. Bei waliyolipa siitaji, lakini majira yanajieleza. Pia, ardhi ile haikuwa tupu kabla ya Rhoda Lewisohn. Wamaasai walihamishwa kutoka Laikipia kwa mkataba wa 1911 ambao wao wenyewe waliupinga mahakamani. Mnunuzi wa 1959 alinunua kwa hati halali kutoka kwa mtu mwenye hati halali, na hati hizo zilianzia kwenye uhamisho huo.

Kama biashara, wazo lilikuwa rahisi na lilikuwa zuri. Usiuze chumba; uza kuwa mwanachama. Chumba cha hoteli mlimani kinashindana na kila chumba cha Nairobi na Malindi. Uanachama wa kilabu chenye jina la William Holden mlangoni na Winston Churchill na mwimbaji Bing Crosby katika orodha hauna mshindani. Holden hakuhitaji kujua kuendesha jiko wala kufua mashuka. Kazi yake ilikuwa kuwajua watu, na watu aliwajua. Hapo ndipo uigizaji na biashara vilipokutana: mtaji wake mkubwa haukuwa dola za Columbia bali uso wake na daftari lake la simu.

Je, aliacha uigizaji? Kwa maana ya kufunga mlango, hapana. Alikufa akiwa mwigizaji. Filamu yake ya mwisho, S.O.B., ilitoka 1981, mwaka wa kifo chake. Lakini pitia alivyochagua kazi baada ya 1959. The World of Suzie Wong, 1960: Hong Kong. The Lion, 1962: Kenya, kamera zikiwa karibu kabisa na kilabu chake. The 7th Dawn, 1964: Malaya. Mtu anayechagua filamu kwa kuangalia ramani kwanza na hati ya filamu baadaye amekwisha kuondoka, hata kama bado anapokea hundi. Miaka ile ya 1960 ndiyo dhaifu kuliko yote katika kazi yake, na wakosoaji walisema hivyo. Kwangu mimi hilo si fumbo. Uigizaji ulikuwa umegeuka kibarua cha kulipia kitu kingine, na kibarua hufanywa kama kibarua.

Pombe nayo ilikuwa inakula upande wake. Julai 1966, nchini Italia, gari alilokuwa akiendesha akiwa amelewa liligonga gari lingine na mtu aliyekuwa ndani akafa. Alihukumiwa kifungo cha miezi minane kilichoahirishwa, akarudi nyumbani. Waandishi wengi wa maisha yake huiweka ajali ile katika sura ya huzuni zake. Ni vizuri kukumbuka kwamba huzuni ya kwanza ilikuwa ya familia ya marehemu.

Sasa wabia. Hirschmann hakuacha kelele nyingi. Ray Ryan aliacha nyingi mno. Alikuwa mcheza kamari wa viwango vya kutisha, rafiki wa watu ambao polisi wa Marekani waliwafahamu kwa majina ya utani, na pia mtu aliyethubutu kumtolea ushahidi mmoja wao, Marshall Caifano wa genge la Chicago, mwaka 1964, kwa kosa la kutaka kumtoza pesa kwa vitisho. Caifano akafungwa. Kisha watoza kodi wakamgeukia Ryan. Baraza la mahakama linalochunguza kama mtu ashtakiwe (grand jury) lilimwamuru alete vitabu vyote vya kampuni tano zilizokuwa zikifanya biashara Kenya. Ryan akajibu kwamba sheria ya Kenya haimruhusu kuvitoa nchini bila kibali cha serikali. Suala hilo likapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na Mei 1971 ikaamua kwamba hawezi kukata rufaa dhidi ya amri kama hiyo. Atii, au akatae kisha ashtakiwe kwa kudharau mahakama. Fikiria: vitabu vya biashara ya chini ya Mlima Kenya vinajadiliwa na majaji tisa Washington, miaka saba na nusu tu baada ya Uhuru. Kesi ilikuwa ya Ryan, si ya Holden. Ila atakayefikiria kuingia ubia na mtu kwa sababu mnakunywa pamoja vizuri kwenye safari ya kuwinda, akisome kipande hiki mara mbili. Tarehe 18 Oktoba 1977 Ryan alitoka kwenye ukumbi wa mazoezi Evansville, akaingia kwenye gari lake, na bomu likalipuka.

Tuache kilabu kidogo, kwa sababu sehemu ninayoipenda ya kisa hiki iko ng'ambo ya uzio.

Katika miaka ya 1960 Holden aliingia ubia wa pili, tofauti kabisa na wa kwanza. Wabia safari hii walikuwa Don Hunt, Mmarekani wa Detroit aliyekuwa na kipindi cha televisheni cha watoto kuhusu wanyama na biashara ya kuuza wanyama, na Julian McKeand, mtu wa safari aliyeijua kaskazini ya Kenya. Walichukua zaidi ya ekari 1,200 kando ya kilabu na kuanzisha ranchi ya wanyamapori, Mount Kenya Game Ranch. Usidhani ilianza kama hifadhi ya watu wenye huruma. Ilikuwa ranchi: wanyama walikamatwa wakiwa hai, wakahamishwa kutoka mashamba walikokuwa wakisumbua, wengine wakauzwa kwa bustani za wanyama nje ya nchi. Walijifunza kukamata pundamilia na twiga bila kuwaua, ufundi ambao wakati ule ulikuwa mchanga, na ufundi huo ulikuwa na bei.

Holden alikuja Kenya na bunduki. Huo ndio ukweli wa neno safari katika jina la kilabu chake. Miaka ilivyokwenda akawa anazungumzia kulinda zaidi kuliko kuwinda, na watu humsimulia kama mtu aliyeongoka. Inawezekana. Mimi naona pia sababu ya kibiashara isiyo na aibu: mwenye ranchi ya wanyama hai ana kila sababu ya kutaka wanyama wawe hai. Mwindaji analipa mara moja kwa simba mmoja. Simba aliye hai hulipiwa na kila anayekuja kumtazama. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kampuni nyingi za safari za kuwinda zilikufa papo hapo. Ranchi ya Nanyuki ilikuwa imejipanga upande wa pili miaka kumi kabla.

Kilabu, kile chenye jina na orodha ya mabwana wakubwa, hakikubaki mkononi mwao. Katika miaka ya 1970 kilikwenda kwa Adnan Khashoggi, mfanyabiashara wa silaha wa Saudia, ambaye pia alinunua ranchi ya Ol Pejeta isiyo mbali na hapo. Khashoggi naye akaishiwa, na mali zote mbili zikaangukia Lonrho, kampuni ya mfanyabiashara Mwingereza Tiny Rowland. Baadaye kampuni ya hoteli ya Fairmont ikaja kuendesha kilabu. Leo ukienda ni hoteli ya kifahari kama hoteli nyingine za kifahari, yenye bwawa la kuogelea na picha za zamani ukutani, na wenyeji wa Nanyuki wakiitaja husema tu Safari Club.

Ranchi haikuuzwa. Na hapa hesabu inageuka kichwa chini, kwa sababu mtu yeyote aliyeangalia vitabu mwaka 1965 angesema kilabu ndiyo mali na ranchi ni mchezo wa tajiri.

Kuhusu pesa, kuna jambo la kusema kwa waigizaji wa kwetu, wa Dar na Nairobi, ambao wengi huacha kamera na kufungua saluni, duka la nguo au baa. Tofauti yao na Holden si akili. Kwa miaka mingi filamu za Kiswahili ziliuzwa kwa msambazaji kwa mkupuo, haki zote zikaondoka na kasha, na mwigizaji akalipwa siku ya kupiga picha basi. Filamu ikirudiwa kwenye televisheni mara mia, yeye hapati senti. Anapoingia kwenye biashara anaingia na akiba ya mwaka mmoja, na biashara ikiyumba miezi sita hana pa kuegemea. Holden aliweza kukosea, kuvumilia wabia wa ajabu, na kungoja miaka kumi ranchi itengemae, kwa kuwa kila mwaka kulikuwa na zile 50,000 za Columbia. Sidhani kuna kipaji cha biashara katika kisa hiki kinachozidi kifungu kile cha mkataba. Akili ya biashara aliionyesha mezani mwa mawakili kabla ya Ceylon. Nanyuki alionyesha subira tu, na subira ni ya mwenye kipato.

Jambo la ajabu ni kwamba baada ya kujiweka nje, alirudi na kufanya kazi zake bora za uzeeni. The Wild Bunch ya 1969 ilimpa uso mpya, uliochoka na kukunjamana, na akautumia bila kuuficha. Network ya 1976 ikamrudisha kwenye orodha ya Oscar. Wapo wanaosema Afrika ilimponya. Hapana, pombe haikumwacha kamwe. Ila mtu asiyehitaji kazi huweza kukataa mbaya na kungoja nzuri, na nadhani hilo lilionekana kwenye skrini.

Alikufa Novemba 1981 kwenye nyumba yake Santa Monica. Alianguka akiwa amelewa, akajikata kichwa kwenye ukingo wa meza, akavuja damu hadi kufa. Alikuwa peke yake. Mwili ulipatikana siku kadhaa baadaye. Alikuwa na miaka 63.

Mwigizaji Stefanie Powers, aliyekuwa mwenzi wake kwa miaka mingi ya mwisho na aliyeizoea ranchi kama yeye, akaanzisha mwaka 1982 wakfu wenye jina la Holden, akishirikiana na Don Hunt na mkewe Iris. Badala ya sanamu wakajenga kituo cha elimu kwenye ardhi ya ranchi. Maelfu ya wanafunzi wa Kenya hupita hapo kila mwaka, wakifundishwa kuhusu maji, kuni, gesi ya samadi na wanyama. Kwa mtoto wa shule ya Laikipia au Meru, jina Holden ni la mahali palipo na basi la shule na chakula cha mchana. Uso wenyewe hajawahi kuuona.

Ranchi nayo, ambayo sasa ni Mount Kenya Wildlife Conservancy, imejikita kwa mnyama mmoja: bongo wa milimani, swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe, anayepatikana porini Kenya peke yake na ambaye hesabu yake imeshuka chini ya mia. Wengi wa jamii yake walikuwa wamesafirishwa miaka ya nyuma kwenda bustani za Marekani, katika biashara ileile ya wanyama hai ambayo ranchi za wakati huo ziliishi nayo. Januari 2004 bongo 18 walirudishwa kwa ndege kutoka Marekani mpaka Nanyuki. Wakazaana. Machi 2022 wa kwanza katika uzao huo wakaachiwa kwenye hifadhi ya Mawingu, ekari 776 za msitu zilizozungushiwa uzio, ili wajifunze tena kuishi bila kulishwa.

Kazi hiyo ni ya gharama, na wafadhili wapo, lakini sehemu ya pesa hutoka kwa wageni wanaolipa kuingia kituo cha wanyama yatima kilichopo hapo ranchini, kuwalisha nyani na kumpanda mgongoni kobe aliyezeeka kuliko wote. Na wageni hao wengi wao wamelala usiku uliotangulia hoteli ya jirani. Mali mbili ambazo Holden alizianzisha kwa wabia tofauti na kwa sababu tofauti zina wenyewe tofauti kwa zaidi ya miaka arobaini sasa, na bado moja inamletea nyingine wateja.